Ukibaguliwa kwa Ugeni Wako Nakuru, Kisumu au Busia: Mwongozo Kamili wa Hatua za Kuchukua

Mwaka uliopita nilimsindikiza mama mmoja kutoka Bukavu kutafuta chumba cha kupanga mjini Nakuru, upande wa Free Area. Kwenye lango la ploti palikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu "Nyumba iko", na chini yake namba ya simu. Keateka, yaani mtunzaji wa ploti, alitoka, akaniamkua mimi kwanza, kisha akamsikiliza yule mama aliposema, "Papa, tuko natafuta chumba." Kiswahili hicho cha Kongo kilitosha. "Pole mama, ilichukuliwa jana," akajibu, na lango likafungwa. Tulivuka barabara tukaketi kwenye benchi la kibanda cha chai, nikamwomba binti aliyekuwa akituhudumia aipige ile namba ya kwenye kibao. Hazikupita dakika kumi. Sauti ileile ilimwambia kwamba chumba kipo, dipositi ni kodi ya mwezi mmoja, na akitaka anaweza kuja kukitazama jioni. Nikatoa daftari, nikaandika saa, namba iliyopigwa na maneno ya pande zote mbili, na binti akatia sahihi chini yake.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watu wa namna hii kwa kujitolea, nikiwaandikia barua na kuwasindikiza ofisini, na jambo moja nimelijifunza vizuri kuliko mengine yote. Wengi huja wakiwa na uchungu mwingi na karatasi chache. Malalamiko yasemayo "yule mtu anatuchukia wageni" hayana pa kushikwa, kwa sababu moyo wa mtu hauwezi kuletwa mezani. Lakini malalamiko yasemayo "mimi niliambiwa hakuna saa nne na dakika tano, mwenzangu akaambiwa kipo saa nne na robo, na huyu hapa ndiye aliyepiga simu" ofisa yeyote hulazimika kuyasoma hadi mwisho. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya tofauti hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya mkimbizi, mtafuta hifadhi na mfanyakazi aliyevuka mpaka kutoka nchi jirani, na pia kwa Mkenya anayetaka kusimama naye bila kumharibia mambo. Mahali patakapohitaji wakili nitasema.

Hatua ya kwanza: jua unasimama wapi kisheria

Kabla ya kumshtaki mtu yeyote, panga karatasi zako mezani uzitazame kama atakavyozitazama mtu asiyekupenda. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, asili ya kikabila au ya kijamii, dini, mavazi, lugha na mengineyo, na inaikataza serikali pamoja na mtu binafsi. Ibara hiyo hutumia neno "mtu", haisemi "raia", na hilo ni jambo la kulishika, kwa sababu utasikia mara nyingi ukiambiwa kwamba Katiba ni ya Wakenya tu. Haki ya heshima katika Ibara ya 28, na haki ya kutendewa sawa kazini katika Ibara ya 41, nazo ni za kila mtu. Zipo haki ambazo kweli ni za raia peke yao, kama kupiga kura na kuishi popote nchini bila masharti, na ni vyema kuzijua ili usipoteze nguvu ukizidai.

Kwa mkimbizi, sheria kuu ni Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 na kuiweka Idara ya Huduma za Wakimbizi kuwa ofisi inayosajili na kutoa vitambulisho. Sheria hiyo inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi, kufungua biashara au kutumia taaluma yake pale vyeti vyake vinapokubaliwa na mamlaka zinazohusika. Inaruhusu, lakini pia inaendeleza utaratibu wa maeneo yaliyotengwa ambako mkimbizi hutakiwa kukaa, na hapa ndipo wengi huteleza: ikiwa umesajiliwa katika kambi za Kakuma au Dadaab na uko Nakuru bila kibali cha kusafiri, au kibali kimeisha muda, unaweza kushtakiwa wewe kabla ya mwenye nyumba aliyekubagua. Sisemi unyamaze. Nasema muone wakili wa msaada wa kisheria kwanza, uanze kuitengeneza karatasi yako, ndipo upeleke malalamiko, ikiwezekana kwa jina la wakili huyo.

Mfanyakazi kutoka Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo au Somalia ana mlango mwingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inakataza kuwabagua wafanyakazi wa nchi wanachama kwa uraia wao katika ajira, mshahara na masharti ya kazi. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Haki hiyo haikuondolei wajibu wa kuomba kibali cha kazi, na kitambulisho cha taifa ambacho Mganda na Mnyarwanda huvukia mpaka si ruhusa ya kuajiriwa. Kuna pia ushauri unaozunguka siku hizi kwamba mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya aachane na ukimbizi, aishi kama raia wa Afrika Mashariki. Sheria ya 2021 inaruhusu hatua hiyo, lakini ukiichukua unaweka chini ile ngao ya kutorudishwa kwa nguvu mahali unapohofia maisha yako. Usitie sahihi karatasi ya namna hiyo kabla ya kuzungumza na mwanasheria, hata kama anayekushauri ni ndugu yako.

Hatua ya pili: tafuta wa kulinganishwa naye

Ubaguzi huonekana pale watu wawili walio katika hali moja wanapotendewa mambo mawili. Kwa hiyo, kila tukio likikupata, jiulize kwanza: ni nani mwingine aliyekuwa mahali pangu, na yeye alitendewaje? Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007 ambayo Nakuru na Kisumu zinayakumbuka vizuri mno, imeweka ulinganisho wa watu kuwa sehemu ya namna ya kupima ubaguzi, na inapotaja makundi yanayolindwa inataja rangi, utaifa na asili ya kitaifa, wala haikomei kwenye makabila ya Kenya. Wakenya wengi, wakiwemo baadhi ya maofisa, hudhani sheria hii ni ya ugomvi wa makabila yetu tu. Ichapishe, uwe nayo.

Jaribio la simu nililolieleza hapo juu ndilo rahisi kuliko yote, na lina masharti matatu. Anayepiga asiseme uongo wowote wa ziada. Aulize tu kama chumba kipo na bei ni ngapi. Apige mapema, kabla hakijapita kipindi ambacho mtu anaweza kusema kwamba hali ilibadilika. Na awe tayari kutaja jina lake baadaye, maana shahidi asiyetaka kuonekana ni sawa na asiyekuwepo.

Uwe mkali kwako mwenyewe pia. Si kila kunyimwa ni ubaguzi. Mwenye nyumba akiwadai wapangaji wote kitambulisho na dipositi ya miezi miwili, ameweka sharti gumu lakini ni la wote. Akimdai Mkenya mwezi mmoja na wewe miezi minne, hapo pana jambo. Mwajiri anayekataa kukuajiri kwa sababu huna kibali cha kazi anajikinga na kosa la jinai, kwa kuwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamwadhibu anayemwajiri mgeni asiye na ruhusa. Lakini anayekuajiri akijua huna kibali, kisha akautumia upungufu huo kukulipa nusu, yuko upande mwingine kabisa.

Hatua ya tatu: andika siku hiyohiyo

Nunua daftari la shule la kurasa 48, lile la bei nafuu, ulitumie kwa kazi hii tu. Usiandike kwenye karatasi zilizolegea, na usitegemee simu peke yake, maana simu huibwa na hufa. Andika tarehe na saa, mahali, aliyesema, waliokuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, hata kama ni matusi na hata kama yalikuwa ya Kikikuyu, Kijaluo au Kikalenjin. Usiandike "alinitukana", liandike tusi. Usiandike "alinitisha", andika alisema atakufanyia nini. Ukimaliza, piga picha ukurasa huo, uutume kwa mtu mmoja unayemwamini, ili ujumbe wenyewe uhifadhi tarehe.

Kinachotofautisha daftari zuri na baya ni mambo madogo. Kijana mmoja wa Burundi aliniletea lake akiwa ameandika kwamba siku ya tukio mvua ilinyesha na kazi ikasimama saa nane, jambo lililoonekana halina maana, hadi msimamizi wake alipodai kwamba kijana huyo alitoroka kazini saa hiyohiyo.

Nyumba

Ukiwa unatafuta nyumba, nenda na nakala ya hati yako, barua ya mwenye nyumba wa zamani kama ipo, na namba ya mchungaji, imamu au mwajiri anayeweza kukusemea. Hakuna sheria inayokulazimisha kwenda na wadhamini wa namna hiyo, na inaudhi kwamba mgeni atembee na mashahidi ili alipe kodi kwa pesa zake mwenyewe, lakini wenye ploti wengi hawana chuki kubwa: wanaogopa polisi, wanaogopa kuulizwa na chifu au na kamati ya Nyumba Kumi, ile ya ulinzi wa mtaa, kwamba wamemficha nani. Hofu hiyo hutulizwa na karatasi. Chuki haitulizwi nayo, na kwa njia hiyo utajua upesi unapambana na kipi.

Lipa dipositi na kodi kwa njia inayoacha alama, yaani kwa simu au benki, na ukilipa taslimu udai risiti yenye tarehe na sahihi. Omba mkataba ulioandikwa hata kama ni wa ukurasa mmoja. Wapangaji wakikuchukia na mwenye nyumba akataka kukutoa, kukufungia mlango kwa kufuli au kung'oa bati la paa bila amri ya mahakama au ya baraza la kisheria linalosikiliza kesi za wapangaji si halali, na chifu hana mamlaka ya kutoa amri hiyo. Ukinyimwa dipositi yako unapohama, unaweza kuidai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na huhitaji wakili ili kuingia humo.

Kazi

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na ndipo penye sheria yenye meno. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, lugha, uraia au asili yake, kinataka mshahara uwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na kinawapa maofisa wa kazi na mahakama wajibu wa kulinda usawa wa nafasi kwa mfanyakazi mhamiaji aliye nchini kihalali. Zaidi ya hayo, shauri la ubaguzi likifika mahakamani, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mfanyakazi akilijua hilo mapema, huacha kuogopa kwamba hana ushahidi wa kila kitu.

Chukua mfano wa mjengo. Vibarua wawili wanachanganya saruji kwenye jengo moja. Mwenyeji analipwa shilingi 700 kwa siku, na mwenzake kutoka Kongo 450. Akiuliza anajibiwa, "Wewe si ulikimbia vita, shukuru unakula." Usijibu hapo. Ukifika nyumbani, andika jibu hilo, kisha piga hesabu: tofauti ni shilingi 250 kwa siku, na kwa siku 60 ulizofanya kazi ni 15,000. Takwimu hiyo moja ndiyo utakayoidai. Mwombe mwenzako akubali kusema analipwa kiasi gani, na hapa ujiandae kukataliwa, kwa kuwa naye ana watoto wa kulisha. Jumbe za malipo ya simu mlizopokea siku moja kutoka namba moja zinaweza kufanya kazi ileile bila yeye kusimama popote.

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uwe umeandikwa, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Ukiona unafukuzwa na kurudishwa kila baada ya wiki chache ili uonekane kibarua wa siku, weka orodha ya siku zote ulizofanya kazi, pamoja na jina la aliyekuita.

Wanawake wanaofanya kazi za nyumbani ndio ninaowahofia zaidi. Mjini Kisumu na Busia kuna mabinti wengi kutoka Uganda wanaolala kwa waajiri wao, na hivyo wakigombana nao hupoteza kazi na malazi usiku mmoja. Ikiwa mwajiri amekunyang'anya kitambulisho au pasipoti, amekufungia ndani au anakataa kukupa mshahara ili usiondoke, hilo limevuka mpaka wa ubaguzi wa kawaida, na huenda likaangukia chini ya Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010. Usingoje mwisho wa mwezi. Toka ukipata nafasi, hata kama mshahara unabaki nyuma, kisha uudai ukiwa mahali salama. Ukipigwa au kushambuliwa kingono, nenda hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kituo cha polisi. Simu ya bure ya 1195 huwasaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia bila kuuliza uraia.

Dai la kazi lipeleke kwanza kwa ofisa wa kazi wa kaunti, ambaye anaweza kumwita mwajiri na kuwapatanisha. Ikishindikana, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Nakuru na Kisumu. Usiende Mahakama ya Madai Madogo kwa jambo la mshahara. Haina mamlaka juu ya migogoro ya ajira, na nimeona watu wakipoteza nauli na siku nzima kwa kutojua hilo. Muda wa kufungua shauri la ajira ni miaka 3, lakini usiungoje, maana mashahidi wa mjengo hutawanyika jengo likiisha.

Polisi

Ukisimamishwa, jibu kwa ufupi na kwa sauti ya chini: "Ndiyo afande, hiki hapa." Usikabidhi pochi nzima. Beba hati halisi au nakala inayosomeka, na uache picha yake kwa mtu wa nyumbani. Zikariri namba mbili za simu, kwa sababu yako itachukuliwa. Ukiambiwa unakamatwa, maswali mawili yanakutosha: "Afande, kosa langu ni nini, na tunaenda kituo gani?" Una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Haki hizo zimo katika Ibara ya 49.

Askari aliyevaa sare anatakiwa awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Itazame, uikumbuke, usiisome kwa sauti. Najua kuna wanaoshauri kutoa simu na kurekodi. Kwa Mkenya mwenye wakili huenda ni ushauri mzuri, lakini kwa mgeni aliye peke yake kwenye stendi ya matatu saa mbili usiku naona unaongeza hatari kuliko ushahidi. Ukiombwa pesa ili uachiliwe, andika kiasi, mahali na namba ya gari. Dhamana ya polisi haina ada, na ukiweka dhamana ya pesa taslimu lazima upewe risiti.

Kituoni, hakikisha tukio limeingia katika daftari la matukio (OB) na uombe namba ya OB. Hilo linakuhusu pia unapokuwa mlalamishi: mgeni aliyepigwa mtaani mara nyingi huambiwa "nyinyi wageni mtajimalizana", hurudi nyumbani bila namba, na bila namba hiyo ni kama hakwenda. Ukikataliwa kuandikiwa, rudi na Mkenya mmoja mtulivu, mama wa kanisani au mwalimu mstaafu, akae kimya pembeni yako. Nimeshangaa mara nyingi jinsi kalamu inavyopatikana akiwepo.

Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wao, IPOA, yenye ofisi Nakuru, Kisumu na Kakamega na simu ya bure 1559.

Shule, na matusi ya mtaani

Mtoto hawezi kukataliwa na shule kwa asili yake wala lugha yake; Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inalitamka wazi. Kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi, nalo ni kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu shule ya umma kumtoza karo mtoto asiye raia. Kutozwa karo, basi, si lazima kuwe ubaguzi, ila kukataliwa ni ubaguzi. Mwalimu mkuu akishikilia cheti cha kuzaliwa ambacho mtoto hana, mpe hati ya usajili ya mtoto, omba kukataa kwake kuwe kwa maandishi, na uende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.

Matusi ya mtaani ni magumu kwa sababu ni mengi na ni madogo madogo. Mwanafunzi kutoka Sudan Kusini huitwa kwa urefu na weusi wake na makondakta wa matatu kila asubuhi. Msomali huitwa gaidi kwa mzaha. Huwezi kushtaki kila neno, na wala sikushauri. Chagua yale yanayorudiwa na mtu mmoja, au yanayowachochea wengine wakudhuru. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu maneno ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Yakiwa mtandaoni, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na kiungo kabla hayajafutwa, na usijibu hata neno moja, kwa kuwa jibu lako litachapishwa peke yake.

Barua, na mahali pa kuipeleka

Isipokuwa pale penye hatari ya mwili, anza na barua kwa aliyekukosea. Iwe fupi, isiwe na mahubiri. Mfano huu unatosha:

"Bwana, tarehe 4 Machi saa nne asubuhi nilifika kwenye nyumba zako nikaambiwa hakuna chumba. Saa nne na robo mtu mwingine aliambiwa kwa simu kwamba chumba kipo. Naamini nilikataliwa kwa sababu ya utaifa wangu, jambo linalokatazwa na Ibara ya 27 ya Katiba na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Naomba nipewe nafasi ya kukodi chumba hicho kwa masharti ya wapangaji wengine, au maelezo ya maandishi, ndani ya siku 7."

Andika kile hasa unachokitaka: chumba, pesa, kurudishwa kazini, au kuombwa radhi. Barua zisizoomba kitu hazijibiwi. Siku zikipita, peleka nakala yake na kurasa za daftari kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo ina ofisi Kisumu. Ikiwa aliyekubagua ni ofisi ya serikali iliyokuzungusha, Tume ya Haki ya Utawala, tunayoiita Ombudsman, ina tawi Kisumu. Msaada wa wakili bila malipo unapatikana kupitia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi kwa jina miongoni mwa wanaostahili, na ukiambiwa ni wa Wakenya tu, kifungu cha 36 ndicho cha kumwonyesha aliye mezani. Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, na Refugee Consortium of Kenya pia hushughulikia mashauri ya wakimbizi.

Usipeleke kila mahali kwa siku moja. Ofisi tatu zikigundua zinashughulikia jambo moja, kila moja huiachia nyingine.

Kwa mwenyeji anayetaka kusaidia

Kazi yako kubwa ni kuwa yule wa kulinganishwa naye, yaani kupiga ile simu, kukubali mshahara wako ujulikane na kutia sahihi ukurasa. Usichukue nafasi ya mwenye shida, usiongee kwa niaba yake mbele ya ofisa ilhali yeye anajua Kiswahili, na usiweke picha yake mtandaoni hata kwa nia njema, kwa sababu wengine wamekimbia watu ambao bado wanawatafuta.

Katika baraza la chifu, hotuba za utu huchosha watu upesi. Kinachosikilizwa ni mambo yanayokumbukwa. Wazee wa Busia na Malaba wanajua kwamba mwaka 2008 maelfu ya Wakenya walivuka hapo wakiwa na magodoro vichwani, wakapokelewa Mulanda karibu na Tororo, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Muulize mmoja wao asimulie, kisha wewe ukae kimya.

Baada ya kushtaki

Kulipiza kisasi kwa sababu mtu amelalamika ni kosa lingine chini ya Sheria ya 2008, kwa hiyo kodi ikipandishwa ghafla au zamu zako zikipunguzwa wiki moja baada ya barua, fungua ukurasa mpya na uandike. Kila hati unayoiwasilisha iwe na nakala, na usitoke ofisini kabla nakala yako haijapigwa mhuri wenye tarehe. Omba namba ya faili na jina la atakayeishika, uliza urudi lini, na siku hiyo ikifika urudi asubuhi, kabla ya saa tatu, wakati foleni bado ni fupi na mwenye faili hajaenda kunywa chai.